Kijiko cha Udongo wa Nyumbani

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne, na somo ninalolipenda kuliko yote ni lile la kaunti yetu: milima yake, mito yake, udongo wake, na watu walivyotoka huko walikotoka wakafika hapa. Nalipenda kwa ubishi. Vitabu tunavyoletewa vina ramani ndogo za kijivu, ziwa lenyewe limechorwa kama doa la chai, na mtoto anayelala akisikia mawimbi anaambiwa ajifunze ziwa kutoka kwenye doa hilo. Jambo hilo limenikera tangu nianze kazi. Nami nikikereka hutafuta mbinu. Mbinu zangu zimenipatia sifa nyingi kuliko zinavyostahili, na sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Shule yetu iko juu kidogo ya ufuo, upande wa Asembo Bay. Mimi si mtoto wa huku. Nililelewa Obunga, Kisumu, katika chumba cha kupanga, na "nyumbani" kwangu palikuwa mahali ambapo mwenye nyumba angeweza kutufungia mlango kwa kufuli lake. Wazazi wangu walitupeleka mashambani wakati wa mazishi tu; tulishuka garini, tukalia, tukala, tukarudi mjini. Kwa hiyo nazungumza Kijaluo cha mjini na samaki namla mpaka kichwa, lakini mambo ya boma, nani hujenga kwanza na nani humfuata, niliyasikia kwa mbali tu. Nilidhani kuyasikia kunatosha.

Muhula ule nilichukua mlango mbovu uliong'olewa stoo, nikaulaza juu ya matofali kwenye baraza la darasa, nikauzungushia mbao kando kando. Upande mmoja nilitandika kipande cha turubai la buluu, nikakiingiza kwenye nchi kavu mpaka kikafanana na ghuba yetu inavyoingia kuelekea Kisumu. Hilo lilikuwa ziwa. Sehemu iliyobaki ilikuwa nchi, na nchi nilitaka waijaze wao wenyewe. Nikawaambia kila mmoja alete kijiko kimoja cha udongo kutoka nyumbani kwao, akiweke mahali boma lao lilipo. Wangeona kwa macho yao jinsi mchanga wa ufuoni unavyogeuka kuwa udongo mwekundu ukipanda juu, na weusi unaonata ulipo kwenye mabonde. Kitabu kina ukurasa mzima wa maelezo hayo na hakuna mtoto aliyewahi kuyakumbuka.

Nilisisitiza: udongo wa nyumbani kwenu, si wa njiani, si wa kwa jirani. Kuna mmoja aliyechota wa kwake pale pale kwenye lango la shule, nikamrudisha huku darasa zima likimcheka. Siku hiyo hiyo msichana mmoja alikuja mezani kwangu. Alikuwa mpole, anayeandika kwa herufi ndogo kana kwamba anaogopa kumaliza daftari.

"Mwalimu, nyumbani kwetu hakuna mchanga," aliniambia.

Nikamjibu kwa ukali wangu wa kawaida, "Hakuna nyumba duniani isiyo na udongo. Usiniletee uvivu hapa."

Alisimama kidogo, akanitazama, akarudi kukaa. Nilijua, kama walimu wote pale walivyojua, kwamba miaka hii ya karibuni ziwa limepanda na kumeza maboma kadhaa ya chini. Nilijua pia kwamba watoto wengine sasa wanakaa kwa jamaa zao huko juu. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nilikuwa na orodha mkononi na nilitaka ijae alama za vema.

Kesho yake alileta. Ulikuwa udongo mkavu, wa kahawia, umekunjwa ndani ya karatasi ya daftari kwa uangalifu ambao watoto wengine hawakuwa nao. Akauliza auweke wapi. Nikamwambia auweke boma lao lilipo, naye akaumimina pembeni kabisa, ukingoni mwa turubai. Nilimsifu. Nikawaambia wenzake, mnaona, aliyesema nyumbani hakuna mchanga ameupata.

Siku ya somo lenyewe mwalimu mkuu alipita akasimama nyuma, mikono mgongoni. Nami mtu akinitazama nazidisha. Nilieleza udongo, nikaeleza wahenga walivyoshuka kutoka kaskazini na kufikia kile kilima cha upande wa Bondo, wakatawanyika kufuata maji, reli ikafika ziwani baadaye na mji ukaota pale reli ilipoishia. Watoto walinyoosha vidole mpaka wakasimama kwenye madawati. Kisha nikasema, sasa tazameni ziwa linavyopanda. Nikachukua jagi, nikamimina maji kwenye turubai taratibu. Yalipofika ukingoni nilipaswa kukoma. Niliendelea, kwa sababu walikuwa wanapiga kelele za furaha, na kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amesogea karibu aone. Maji yakavuka, yakabeba maboma ya ufuoni, yakayasukuma mpaka kwenye vilima. Walipiga makofi. Mwalimu mkuu naye alipiga.

Yule msichana hakupiga makofi. Alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Nilidhani ameshangazwa na somo.

Mchana, baada ya wao kwenda kula, nilifanya kile ambacho mwalimu yeyote asiyependa kupoteza kitu angefanya. Nilikoroga matope yote pamoja, mekundu, meusi na ya mchanga, nikayakanda yawe tayari kwa somo la wiki ijayo la kufinyanga milima. Nilikanda vizuri, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Nakumbuka niliimba wimbo wa kanisani.

Bibi yake msichana alifika baada ya siku mbili, asubuhi, pamoja na mwanawe wa kiume, kijana anayefanya vibarua Kisumu. Mama yule alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Hilo lilinitia hofu kabla hajasema neno, kwa maana watu wa huku hawavai hivyo kuja kugombana.

"Mwalimu, habari ya kazi," alisema. "Sisi hatukuja na vita. Tumekuja kuchukua ile mchanga mtoto alileta."

Nikauliza kwa ubwege, "Mchanga upi, Dani?" nikimwita bibi kwa Kijaluo.

Mwanawe ndiye aliyeeleza. Baba yake yule msichana, ambaye ni kaka mkubwa wa kijana huyo, alikufa akazikwa bomani kwao. Ziwa lilipoanza kuingia uani, Dani alichota udongo wa juu ya kaburi, akautia kwenye mkebe wa chai wenye mfuniko. Baadaye maji yalifunika kaburi, nyumba, zizi na kila kitu. Wamekuwa wakikaa kwa binamu huko juu, chumba kimoja, na sasa kijana alikuwa amepata mahali pa kujenga. Lakini katika ukoo wao mdogo hajengi boma akimpita mkubwa, na mkubwa akifa hajaacha kuwa mkubwa. Ilibidi kaka ahame kwanza. Wazee wa ukoo walikuwa wamekubali kwamba udongo ule uzikwe kwenye kiwanja kipya, ihesabiwe kwamba amehamia, halafu mdogo wake asimamishe nguzo.

"Tulifungua mkebe jana," kijana alisema. "Iko empty, mwalimu. Mtoto anasema wewe ndio ulisema alete mchanga ya nyumbani. Hii ndio ilikuwa nyumbani ilibaki."

Sijui niliwaongoza vipi mpaka kwenye baraza. Mlango ulikuwa pale, na juu yake lilikuwa donge moja kubwa la matope ya kijivu, limeanza kupasuka kwa jua. Watoto thelathini na wanane walikuwa ndani ya donge lile, maboma yao yote. Nilitafuta kwa macho rangi ya kahawia. Nikajikuta nakwangua kwa kucha, nikichambua, mtu mzima mwenye shahada, mbele ya Dani na mwanawe, na wanafunzi waliokuwa wamejaa madirishani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo nimeifundisha miaka yote na siku ile ndipo nilipoichukia.

Dani aliniacha nichambue. Kisha akasema kwa Kijaluo, polepole, "Inatosha, nyathina." Aliniita mtoto wake. Afadhali angenizaba kofi.

Nikamwambia, basi chukueni lote. Chukueni mlango mzima, nitakodi mkokoteni mimi mwenyewe. Niliona kama nimepata njia. Dani alimtazama mwanawe, na kijana akatikisa kichwa, akasema: "Hapana, mwalimu. Hii iko na mchanga ya watu. Siwezi zika mchanga ya boma ya watu kwangu." Hata kama angekubali, wenye maboma wangekataa. Habari ilishafika kila mahali, na kufikia saa nne wazazi walikuwa langoni wakidai udongo wao usiende kuzikwa na maiti ya wengine. Mama mmoja aliniuliza ni nani alinituma kukusanya udongo wa nyumba za watu. Aliniuliza mbele ya watoto, na alinitazama mikono wakati akiuliza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo nililoliona ni la kitabu, kwao lilikuwa na jina jingine, na kwamba walikuwa wamenivumilia kwa kuwa ni mwalimu.

Mwalimu mkuu aliwatuliza. Alisema ni mtaala. Neno hilo liliwanyamazisha lakini halikumrudishia mtu chochote.

Usiku sikulala, lakini hilo halina maana, hakuna aliyesaidika kwa mimi kutolala. Asubuhi nilimpigia simu yule kijana nikamwambia nina wazo. Tungekodi boti, twende mpaka juu ya kaburi lenyewe, tuteke udongo kutoka chini. Maji hayakuwa marefu sana pale, kimo cha mtu mmoja na nusu hivi. Mimi ningelitafuta lile kaburi. Si ndiyo kazi yangu? Nimefundisha watoto kupata mahali kwa kutumia dira na alama mbili zinazoonekana. Nilibeba dira ya shule, nikabeba na rula.

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Mwenye boti alikaa nyuma, sisi wawili katikati, na Dani alibaki ufuoni amesimama na mjukuu wake. Magugu maji yalikuwa yamesogea na kutanda juu ya lile eneo lote, tukayasukuma kwa makasia. Nilitoa dira. Kilima kilikuwa pale, paa la shule lilikuwa pale likimeta. Ndipo ilipoingia akilini mwangu kwamba dira hukuambia ulipo sasa, na kaburi lile hakuna aliyewahi kulipima wakati likiwa kavu. Nilikuwa na alama mbili na sikuwa na cha kuzilinganisha nacho. Nilikaa na dira mapajani. Niliona haya hata mbele ya mwenye boti, ambaye hakujua ile ni nini.

"Mwembe ulikuwa hapa," kijana alisema, akionyesha maji.

Dani kutoka ufuoni alipaza sauti kwamba mbele kidogo. Tukaenda mbele. Akasema mmepita. Kijana akabisha, akasema mama anachanganya na lango la zamani. Walibishana juu ya maji, mama nchi kavu na mwana botini, kuhusu uani kwao wenyewe, mahali walipofagia kila asubuhi ya maisha yao. Nami katikati nikiwa nimeshika rula.

Mwishowe kijana alizamisha debe lililofungwa kwenye mti mrefu, akakwangua chini, akavuta. Yalitoka matope meusi yenye harufu. Tuliyapeleka ufuoni. Dani aliinama akayachukua kidogo, akayasugua kati ya vidole, akayanusa. Alichukua muda mrefu. Nilimwomba Mungu waziwazi, midomo ikitembea, amruhusu aseme ndiyo. Angeweza kusema ndiyo na dunia isingeanguka.

"Hii ni zizi," alisema. "Mimi siwezi zika ng'ombe kwa jina ya mtoto wangu."

Tulirudi mara mbili zaidi siku ile. Mara zote alinusa, na mara zote alisema hapana, mpaka nikaanza kumkasirikia. Nasema ukweli. Nilimkasirikia mwanamke niliyempotezea mtoto, kwa sababu hakutaka kunipunguzia mzigo. Mwenye boti akasema upepo umeanza, tukaacha.

Wazee wa ukoo walikutana. Mimi sikualikwa, na ilifaa nisialikwe. Nilipita siku moja kwenye kile kiwanja kipya, juu, karibu na barabara ya murram isiyo na lami. Nguzo zilikuwa zimepangwa chini kwa urefu wao, na mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kwenye zile za chini. Mabati yalikuwa yamefunikwa kwa majani ya migomba. Kijana alikuwa amerudi Kisumu kwenye vibarua vyake. Jirani aliniambia kwamba bila ule udongo, kaka mkubwa hajahama, na mdogo akilazimisha akapatwa na jambo, nani atajibu? Nilitaka kusema mambo mengi kuhusu hilo, na ningeyasema vizuri, kwa mifano. Lakini si mimi ndiye niliyekwisha kuyasema kwa vitendo, kwa lile jagi?

Donge la udongo lilibaki stoo. Wazazi hawakulifuata, mwalimu mkuu hakutaka litupwe, na mimi sikuthubutu kulifinyanga milima. Mlango ulisimamishwa ukutani nalo likiwa limekauka juu yake. Nilirudi kwenye kitabu, kwenye doa la chai. Nikawasomea ukurasa wa udongo kama ulivyoandikwa, wakaunakili.

Yule msichana alikuja kama kawaida. Hakunichukia, au kama alinichukia aliificha chuki yake kwa heshima. Siku moja, baada ya wenzake kutoka, alikuja mezani. Alikuwa ameshika ule mkebe wa chai. Aliuweka juu ya madaftari, na karatasi safi kando yake.

"Mwalimu," alisema, "Dani ameniambia nikuulize. Wazee wamesema kama haiwezi patikana mchanga, labda tumwandikie njia. Dani anasema wewe ni mtu ya ramani. Uchore kutoka kwa baba mpaka kwa boma mpya, tuweke ndani ya mkebe, tuzike. Ndio ajue kukuja."

Niliitazama ile karatasi. Katika mambo yote niliyoyaogopa tangu siku ile, sikuwahi kufikiria kwamba wangekuja kwangu tena, na kwa wema. Nikasema, "Sawa, kaa." Akakaa. Nikachukua kalamu, nikachora mshale juu kulia, nikaandika kaskazini. Nikachora barabara ya murram, kwa kuwa hiyo naijua. Nikachora boma jipya na nguzo zake. Kisha nikaja chini kwenye karatasi, ambako nilipaswa kuanzia, na mkono ukasimama.

Nilimuuliza, "Kaburi la baba lilikuwa upande gani wa nyumba?"

Alifikiri. "Wa kushoto," alisema. Halafu akasema, "Ukiwa unatoka." Halafu akasema, "Sikumbuki vizuri, mwalimu. Nilikuwa mdogo."

Ningeweza kuweka alama popote. Msalaba mdogo, mahali popote ndani ya ziwa, na familia ile ingepata nyumba. Nilijua hivyo na yeye alingoja akijua hivyo. Lakini akilini nilimwona baba yake akiamka mahali nilipomwandikia, akatazama huku na huko, akakuta ni zizi. Baada ya yote niliyoyafanya, ndipo nikakataa kukosea. Nikamwambia aniachie karatasi, nitaimalizia, arudi kesho.

Alirudi kesho. Nikamwambia bado. Alirudi kesho kutwa, nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha. Akarudi na siku iliyofuata, akasimama mlangoni bila kuuliza, mkebe mkononi, nikajifanya nahesabu chaki. Wiki iliyofuata hakuja tena mezani kwangu. Alikaa mahali pake akaandika tarehe kwa zile herufi zake ndogo, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru.